Mikono Mfukoni

Mwaka mzima mume wangu Oddvin alitembea na maneno matatu yamemkwama kooni: Niliinua mimi, baba. Matatu tu, hata mtoto wa chekechea angeyatamka. Lakini kila alipofungua mdomo ayaseme, baba yangu alianza kuzungumzia mvua. Na baba yangu Gudleik akiamua kutosikia jambo, basi hasikii, hata umpigie kengele ya kanisa sikioni. Mimi niliyezaliwa na mmoja na kuolewa na mwingine nilikaa katikati yao nikiwapakulia viazi. Sikuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwa sababu mimi si mtu wa kukaa kimya. Muulize yeyote hapa Kvamsnes.

Nianze na Oddvin. Ni seremala. Ameshika nyundo tangu ana miaka kumi na saba, na sasa ana hamsini na saba, na vidole vyake vyote kumi vipo. Miaka kumi na tisa wenzake wa kampuni ya ujenzi, ile iliyo ng'ambo ya ghuba, wamemchagua kuwa mwakilishi wao wa usalama. Si cheo cha mapambo. Akiona jambo la hatari ananyanyua mkono, na kazi inasimama. Winchi inasimama, mashine ya zege inasimama, na bosi mwenyewe hana ruhusa ya kuwasha kitu mpaka wakaguzi waje. Nimewahi kumpelekea chakula nikamwona amenyanyua mkono hivyo, watu hamsini wametulia tuli, yeye katikati na kofia yake ya plastiki, mpole tu. Nilijivuna, nisiseme uongo.

Nyumbani sasa, Mungu wangu, huo usalama wake! Siku ya harusi yetu aliingia uvunguni mwa ngazi aliyopandia mpiga picha kuangalia kama misumari imekaza. Mama yangu, alipokuwa hai, alimwita "mkaguzi" mbele ya wageni. Na kuhusu msumeno wa umeme, ule wa duara unaoshikwa mkononi, usimuulize kitu kama una haraka. Kagua waya kwanza. Hakikisha ile kinga ya chini, inayofunika meno, inajirudia yenyewe ukiiachia. Diski isichungulie chini ya ubao zaidi ya unene wa kidole. Shika kwa mikono miwili. Simama pembeni, usisimame nyuma ya mkato, maana msumeno ukibanwa unaruka nyuma, na nyuma ndiko uliko wewe. Usiutue chini mpaka diski isimame kabisa. Nimeyasikia hayo tukinywa supu, tukiwa kitandani, hata siku moja mbele ya jeneza la shangazi yake, kwa sababu fundi wa jeneza alikuwa amekaa karibu nasi.

Na kanuni moja aliirudia kuliko zote. Kipande kinachokatwa, kile kinachoning'inia nje, kiache kianguke. Usikishike. Ukilazimika kukishika, kishike kikiwa sawasawa, usikiinue hata kidogo, kwa sababu ukikiinua mkato unajifunga juu, unaibana diski, na hapo umemrushia mwenzako msumeno. "Mtu mwema ndiye anayeinua," alizoea kusema. "Mvivu hamdhuru mtu." Wenzake walikuwa wakicheka.

Baba yangu sasa. Ana miaka sabini na minane, na nusu ya nyumba za mashua kando ya ghuba hii ni kazi ya mikono yake. Hasemezeki haambiliki. Msumeno wake ni wa rangi ya chungwa, mzito, umri wake unakaribia wa kwangu, na ile kinga ya chini ameifungulia wazi na kuizuia kwa kabari ndogo ya mti mgumu, ameichonga vizuri, amesugua mpaka inang'aa, ameifunga na uzi isipotee. Meno yanabaki wazi muda wote.

"Kinga inanizibia mstari," alisema baba.

"Kinga inakuzibia paja, mzee," alisema Oddvin.

"Paja langu nalijua liliko."

Pasaka moja Oddvin aliichomoa ile kabari kwa siri akaitupa kwenye jiko. Baba alikaa kibarazani akachonga nyingine, nzuri kuliko ya kwanza, akaichora herufi O kwa ncha ya kisu, akaipachika mahali pake. "Hii ni yako, Bwana Usalama," alimwambia. "Ukiichoma, unajichoma." Tukacheka wote, hata Oddvin alicheka, ila masikio yalikuwa mekundu.

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Ng'ambo ya ghuba mume wangu alisimamisha winchi kwa mkono mmoja. Upande huu alikuwa mkwe tu.

Kila Mei tuna msaragambo wa kijiji. Jumamosi moja tunakutana wote penye ukumbi wetu wa chini, pale gatini, kila mtu na kifaa chake, tunakarabati kilichoharibiwa na majira ya baridi. Hakuna msimamizi wala wa kumwamrisha mwenzake. Unajua mwenyewe la kufanya, na kama hujui unaokota takataka. Ila kitu kimoja hakivumiliki: kusimama na mikono mfukoni. Unaweza kuchelewa, unaweza kupaka rangi vibaya, tutakusamehe. Mikono mfukoni, hapana. Na aliyekuwa akipiga kelele hizo, tangu nikiwa mdogo, ni baba yangu. "Toa mikono mfukoni!" Alimpigia mchungaji. Alimpigia daktari mgeni siku yake ya kwanza kijijini, na maskini yule alikuwa anatafuta leso tu.

Mwaka jana zamu ilikuwa ya ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na mvua za ghuba. Mbao zilikuwa zimeoza. Zililetwa mpya, ndefu, mita nne na nusu kila moja, bado mbichi na nzito. Baba akaweka stuli zake mbili za kukatia, akachomeka msumeno. Hakuna aliyeuliza nani atakata. Siku zote alikata yeye.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya chakula, hatua kumi hivi kutoka hapo, na sufuria ya supu ya kondoo. Pamoja nami alikuwa Jorunn, mwenyekiti wa ukumbi, akipaka siagi mikate. Nilimwona Oddvin akimwendea baba.

"Mzee, toa kabari. Leo tu. Watu ni wengi hapa."

"Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Basi mamlaka yako yamebaki kazini, yatakungoja Jumatatu."

Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Nakumbuka mwiko ulivyonitikisika mkononi. Sina cha kujitetea.

Oddvin alirudi nyuma hatua tatu, akasimama, akatia mikono kwenye mifuko ya koti. Namjua mume wangu. Haukuwa uvivu. Hakuwa na bosi wa kumwandikia wala mkaguzi wa kumwita, na yule ni baba wa mkewe, mbele ya kijiji kizima. Alichobakiwa nacho ni kutoshiriki. Kule kazini angenyanyua mkono, hapa akauficha. Nilimwelewa kabisa, nikaona aibu kwa ajili yake, nikaanza kukata karoti ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Haikupita dakika mbili. Baba akauzima msumeno, akageuka.

"Bwana Usalama! Toa mikono mfukoni! Njoo ushike huku mwisho, mbao zinanichanika kona."

Kila mtu akamtazama Oddvin, wa kwenye ngazi na wa kwenye rangi. Jorunn alisimama na kisu cha siagi hewani. Ni nani angeweza? Niambie ni nani angekataa. Oddvin alitoa mikono, akaenda, akashika mwisho wa ubao.

Alishika vizuri. Nilikuwa namwangalia, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi. Ubao wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, alishika sawasawa, bila kupandisha wala kushusha, na kipande kikikatika alikishusha chini taratibu. Baba akaanza kumtania kuwa ana mikono ya mkunga. Wakawa wanaelewana. Nilifurahi, nikaacha wasiwasi wangu.

Ubao wa kumi ulikuwa na fundo, nao ulikuwa mzito zaidi. Baba alisukuma kwa nguvu, mguu wa kushoto mbele, mwili wote nyuma ya msumeno. Ubao ukaanza kulegea, kona ikaanza kuchanika. Nikamwona Oddvin anainua. Vidole viwili tu, upana wa vidole viwili. Ni vile ungemwinulia mzee yeyote mzigo wake kidogo. Nikaona mkato unajifunga.

Msumeno ulipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, ukaruka nyuma. Baba hakuuachia. Ukashuka pajani, na kwa sababu ya kabari hapakuwa na kitu cha kufunika yale meno.

Sitasimulia damu. Oddvin alifika kabla baba hajaanguka, akavua mkanda wake akaufunga juu ya jeraha, akakandamiza kwa mikono yote miwili, akapiga magoti juu ya vumbi la mbao, na akabaki hivyo mpaka helikopta ilipotua gatini. Dakika ishirini na sita. Daktari alisema baadaye kuwa bila mikono ile baba asingevuka ghuba akiwa hai. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha baba. Mapanga ya helikopta yakipiga, watu wakipiga kelele, ndipo nikamsikia Oddvin akisema chini chini, hajui kama anasema, "Niliinua. Niliinua." Hakuna mwingine aliyesikia. Baba alikuwa amefumba macho.

Mguu haukukatwa, lakini mishipa ya juu ya goti ilikwisha. Goti lilibaki limenyooka, halikunjiki. Baba yangu aliyekuwa akipanda kila asubuhi mpaka kibanda chake cha malishoni kule juu, alichokijenga kwa mikono yake, sasa anakitazama kwa darubini kutoka dirisha la jikoni. Akiangusha kijiko, anangoja mtu aje.

Na watu wa Kvamsnes wakamsifu mume wangu. "Ulimwambia! Tulisikia sote ukimwambia!" Waliokota kabari vumbini, Jorunn akaitundika kwenye msumari ukutani, jikoni mwa ukumbi, juu ya sinki, iwe fundisho. Ile ile yenye herufi O. Kila tulipokwenda kunywa kahawa baada ya ibada, Oddvin alikunywa akiwa ameipa mgongo.

"Ni kabari," watu walisema.

Kabari kweli. Sijasema kabari haina kosa. Lakini kabari haikuinua ubao.

Alijaribu mara ya kwanza hospitalini. Nilikuwa mlangoni na maua. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha baba, akasema, "Mzee, siku ile, mimi nili—"

"Mvua imeacha kule kwenu?" baba akauliza.

"Bado. Mzee, nataka kukuambia—"

"Waambie wafunike mbao. Mbichi zile, zitapinda."

Basi. Oddvin akatoka, akasimama kwenye kona ya wagonjwa kujipatia kahawa, akabonyeza kitufe cha mashine bila kuweka kikombe. Kahawa ikamwagika yote, akaitazama tu.

Mara ya pili ilikuwa Krismasi, mezani kwetu, kwenye mbavu za kondoo. Alikuwa amejikaza, nilimwona akipiga moyo konde tangu asubuhi. Akaweka uma chini. "Baba," akasema. Hajawahi kumwita baba, siku zote mzee, au Gudleik. Baba yangu akanigeukia mimi: "Magnhild, viazi hivi umevichemsha mpaka vimekufa." Viazi vilikuwa sawa kabisa! Nilitaka kummwagia mchuzi kichwani.

Mara ya tatu, Machi, kwenye nyumba ya mashua. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo akipaka lami, mguu umenyooka mbele. Oddvin akafunga mlango nyuma yake, akachuchumaa mbele yake ili macho yakutane. Mimi nilikuwa nje, na dirisha halina kioo. Baba alimwangalia, akapeleka mkono sikioni, akatoa kile kifaa chake cha kusikilizia, akakitia mfukoni mwa shati, akaendelea kupaka lami. Mume wangu alibaki amechuchumaa pale akisogeza midomo. Sikusikia alichosema na baba hakusikia.

Nilimvaa baba siku hiyo hiyo. "Mwache aseme!"

"Aseme nini?"

"Unajua."

"Ninachojua ni kwamba umenizibia mwanga."

Na mimi? Kwa nini mimi sikumwambia mume wangu kwamba niliona? Nilijiuliza kila nilipomwona anakaa gizani mwa karakana na taa iko karibu. Nilidhani nikimwambia niliona, nitakuwa nimemwongezea shahidi. Nikisema hukuinua, nitakuwa mwongo, naye angejua. Kwa hiyo nilimfulia nguo na kumpikia. Kuna wakati kupika ni ujinga tu.

Kazini aliomba wamchague mwingine. "Nikinyanyua mkono nauona ubao," aliniambia. Wakakataa. Wakapiga makofi, wakamchagua tena, wote kwa kauli moja, kwa sababu ya jinsi alivyomwokoa mkwewe. Alirudi nyumbani na keki waliyomnunulia. Haikuliwa.

Halafu ikaja Mei hii. Jorunn akapiga simu. Kabla msaragambo haujaanza, alisema, Oddvin awafundishe watu msumeno, nusu saa tu, uwanjani, baada ya yaliyompata Gudleik, na nani anafaa kuliko yeye? Kwetu huwezi kukataa kitu cha msaragambo. Nilimsikia Oddvin akisema, "Sawa. Ndiyo. Sawa." Akaweka simu chini na akaenda kutapika. Mimi nikasimama nje ya mlango wa choo na taulo.

Jumamosi hiyo kulikuwa na jua. Watu kama arobaini walisimama nusu duara. Stuli mbili zile zile, ubao mmoja, na msumeno mpya wa ukumbi, kinga yake nzima. Mimi kwenye meza yangu, na supu yangu.

Alianza vizuri. Alionyesha waya. Alivuta kinga akaiachia, ikajirudia na mlio mdogo, akarudia mara tatu ili wa nyuma wasikie. Alipima diski kwa kidole. Alionyesha mikono miwili inakaa wapi, na mahali pa kusimama, pembeni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata alitania kidogo, watu wakacheka. Kisha akasema, "Na kile kipande kinachoning'inia," akanyamaza.

Tukangoja. Alitazama mwisho wa ubao. Pale palikuwa patupu.

"Kile kipande," alisema tena.

Jorunn akanong'ona kwangu, "Amesahau?" Oddvin aliweka ile mikono yake ya mkunga juu ya ubao, akaiondoa. Nilitaka kuacha sufuria niende, lakini niende nikafanye nini?

Hapo ndipo tukasikia fimbo. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kiti alichowekewa kando ya ukuta. Aliinuka. Kuinuka kwake sasa ni kazi ya hatua tano, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akavuka uwanja akiuburuta mguu nyuma. Akafika mwisho wa ubao, pale pale aliposimama Oddvin mwaka jana. Akaegemeza fimbo kwenye stuli.

"Kata," akamwambia.

"Mzee, usisimame hapo."

"Kata, nimesema. Watu wana kazi."

Oddvin akaweka msumeno juu ya mstari. Kidole kilikuwa kwenye swichi lakini hakibonyezi. Watu wote walimtazama baba, wakingoja ashike ubao, kwa kuwa sijapata kumwona baba yangu amesimama karibu na ubao asiushike.

Baba akatia mikono mfukoni. Mmoja, kisha mwingine, karibu mpaka kwenye viwiko, mbele ya kijiji kizima, siku ya msaragambo. Mtu mmoja nyuma alicheka, akadhani ni mzaha, akaacha. Baba hakucheka. Alisimama hivyo, mguu mmoja umenyooka, akimtazama mkwewe machoni.

"Kiache kianguke," alisema.

Oddvin akabonyeza. Msumeno ukaingia kwenye ubao taratibu, vumbi likaruka. Mwisho wa ubao ukalegea, ukashuka, ukachanika kona, ukaanguka miguuni pa baba kwa kishindo. Kinga ikafunika meno. Oddvin alingoja mpaka diski iliposimama, akautua msumeno, akachomoa waya, kwa utaratibu wote. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini hata wa nyuma walisikia:

"Niliinua mimi, baba."

"Nilikuita mimi," baba alisema.

Jorunn alikuwa amenishika mkono wenye mwiko, sijui ni lini. Watu arobaini wa Kvamsnes, na hakuna aliyejua pa kuweka mikono yake. Baba alitoa ya kwake mfukoni, akachukua fimbo, akageuka arudi kwenye kiti chake. Kile kipande cha ubao kilikuwa kimelala mbele ya miguu yake, unene wa kiganja tu, kitu ambacho mtoto angekiruka. Alijaribu kuinua ule mguu. Haukuinuka. Akajaribu tena.

Oddvin aliinama upesi akiondoe.

"Acha," alisema baba.

Akakizunguka. Ilimchukua muda mrefu, na sote tulisimama tukimngoja.